Mtoto ana homa kali, mbona hawakumtundikia dripu?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na kilo 10. Wiki iliyopita alishikwa na homa usiku, alfajiri akapata degedege, tukamkimbiza hospitali hapa Tanga. Kifua kinawaka moto lakini mikono na miguu ya baridi. Wakampima, wakasema malaria kali. Wakamchoma sindano, wakamsukumia nyingine nene kwenye kanula, wakamwekea oksijeni. Dripu hakuna. Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto anaharisha, yeye maji yalikuwa yanakwenda mbio. Mama mkwe akauliza, daktari akamjibu kuwa maji ya haraka yangemdhuru mtoto. Amepona, tunashukuru Mungu, lakini mkwe hajanyamaza: anasema mjukuu wake alinyimwa kwa kuwa hatukutoa chochote. Halafu siku ya kutoka akaja dada mmoja na karatasi za utafiti, wanataka kumfuatilia mwanangu miezi sita. Sijasaini. Je, tulinyimwa? Na hao wa utafiti niwakubalie?

Marahaba mama, na poleni sana kwa usiku ule. Nianze na la mkwe wako: mjukuu wake hakunyimwa kitu. Kwa maelezo yako, daktari yule alimwepusha na maji ambayo miaka ya nyuma, kabla ya 2011, mimi na wenzangu tungemmiminia bila kufikiri mara mbili. Alijuaje? Hapo ndipo maswali yako mawili yanapokutana.

Mtoto akiwa na maambukizi makali, mwili hubana mishipa ya mikono na miguu ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana kifua kinawaka na vidole ni vya baridi. Sisi hukagua hivi: unaanza kwenye vidole vya mtoto, unapanda kwa mgongo wa kiganja chako, kifundo, kigasha, kiwiko, mpaka upate mahali ubaridi unapokomea. Kisha unambonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, unaachia, unahesabu. Rangi ikirudi kabla hujafika tatu, afadhali. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri.

Tulifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo dawa yake ni maji ya chumvi, mengi na ya haraka. Mantiki ilikuwa rahisi: bomba halina presha, ongeza maji kwenye tangi. Nimefanya hivyo mara nyingi kwa mikono yangu. Unavuta maji kwenye chupa kwa bomba la sindano la mililita 50, unasukuma, unavuta tena, unasukuma. Mtoto wa kilo 10 kama wako alikuwa anapata mililita 200 kwa kuanzia. Na kinachokera ni kwamba tuliona nafuu palepale: mikono inapata joto, mapigo yanapata nguvu, mama anakushukuru, unaondoka kitandani kifua mbele. Yule aliyefariki usiku wa manane tulisema alichelewa kuletwa.

Mafunzo yale yalitoka kwenye nchi ambako mtoto akizidiwa kuna chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kumpumulia. Hakuna aliyekuwa amepima kwa utafiti mkubwa kama yanafaa kwa mtoto mwenye malaria aliyefika wodini kwetu akiwa hana damu ya kutosha, na mashine hiyo haipo.

Ndipo ukafanyika utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi miaka mingi Kilifi. Ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi kwa upande wa Kenya, nne za Uganda, yaani Mulago, Soroti, Mbale na Lacor, na moja ya Tanzania. Hiyo ya Tanzania ni Teule, Muheza, jirani zenu kabisa. Mwambie mkwe wako kwamba elimu aliyoitumia yule daktari imetoka kwa watoto wa Muheza. Haikuja na ndege.

Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi ya haraka, la pili likapewa kimiminika cha protini ya damu kiitwacho albumini, nacho haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa. Mengine yote yalikuwa sawa kwa wote: antibayotiki, dawa ya malaria, oksijeni, damu kwa aliyepungukiwa, maji ya taratibu ya kutosheleza mahitaji ya mwili, na uangalizi wa karibu.

Nakiri kwamba niliposikia kuhusu hilo kundi la tatu nilinung'unika. Niliona watoto wanaonewa. Maneno ya mkwe wako nimewahi kuyasema mimi, tena nikiwa nimevaa koti jeupe.

Utafiti wa aina hii huwa na jopo huru linalochungulia takwimu kazi ikiendelea, ili kama kundi moja linaumia, jambo lisimamishwe. Januari 2011 jopo lilisimamisha kabla idadi iliyopangwa haijatimia, kwa sababu waliokuwa wanaumia ni wale waliopewa maji. Ndani ya saa 48, kati ya waliopewa maji ya chumvi ya haraka walifariki asilimia 10.5, waliopewa albumini asilimia 10.6, wasiopewa vyote viwili asilimia 7.3. Kwa hesabu ya wodini, ukiwamiminia maji watoto 30 wa hali hiyo, mmoja anakufa ambaye angepona kama ungezuia mkono wako.

Siku niliyoyasoma matokeo hayo sikula chakula cha mchana. Unaanza kuhesabu watoto wako.

Na ile nafuu ya saa ya kwanza tuliyokuwa tunaiona haikuwa ndoto. Utafiti wenyewe ulionyesha kwamba waliopewa maji walionekana bora zaidi saa moja baadaye, kisha wakafariki wengi zaidi. Hicho ndicho kinachonifanya nisimwamini sana mtu, awe bibi au profesa, anayesema "mimi nimeona kwa macho yangu". Macho ya mtu mmoja wodini huishia kwenye ile saa ya kwanza.

Kwa nini maji yaliua? Wengi tulidhani tutakuta mapafu yaliyojaa maji. Watafiti walipopitia vifo kimoja kimoja, wakakuta vilivyozidi vingi vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa, kinyume cha tulichokuwa tunajaribu kukifanya. Uchambuzi uliotoka 2019 ukaongeza kwamba maji yale huchujua damu ikawa nyepesi, huongeza asidi mwilini, na hudhoofisha upumuaji na fahamu. Kumbuka kwamba mtoto wa malaria mara nyingi damu yake tayari ni pungufu. Ukimwongezea maji ya chumvi unakuwa kama mpishi anayetia maji kwenye mchuzi ambao nyama yake ilikuwa haitoshi tangu mwanzo. Akipungukiwa damu sana, anachohitaji ni damu.

Shirika la Afya Duniani lilijivuta, likatoa mwongozo mpya wa dharura za watoto mwaka 2016: mtoto mwenye homa na dalili za mzunguko dhaifu, lakini hajafikia mshtuko kamili, asimiminiwe maji ya haraka. Mshtuko kamili ni dalili tatu kwa pamoja: mikono na miguu baridi, ukucha unaochelewa kurudisha rangi zaidi ya sekunde tatu, na mapigo ya mbio yaliyo dhaifu. Huyo anaweza kupewa, lakini kwa kiasi, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa nusu saa mpaka saa nzima, huku daktari akiwa hapohapo kitandani.

Sasa yule mtoto wa kitanda cha pili. Yeye alikuwa anaharisha, na hapo hadithi inageuka kabisa. Maji yake yametoka mwilini, yako kwenye nepi na kwenye kanga ya mama yake. Huyo akifika macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole kama ya mzee, hawezi kunywa, basi dripu ndiyo uhai wake: mililita 100 kwa kila kilo, nyingi zikitangulizwa mapema. Watoto wa kuharisha hawakuingizwa kwenye FEAST kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ulichokiona si upendeleo. Ni wagonjwa wawili wenye maradhi mawili, mmoja kapoteza maji, mwingine hajapoteza. (Na hata wa kuharisha, kama anaweza kunywa, maji ya ORS kwa kikombe na kijiko pamoja na vidonge vya zinki yanamtosha. Watu hawaipendi ORS kwa sababu haitundikwi.)

Nadhani mkwe wako ana sababu nyingine ya kushangaa, na hii namtetea. Kwa umri wake, amelea watoto enzi za kwinini. Kwinini ya malaria kali ilikuwa inachanganywa kwenye chupa ya maji ya sukari, inapita taratibu saa nne, halafu unasubiri, inarudiwa. Mtoto wa malaria asiye na chupa juu ya kichwa chake alikuwa mtoto ambaye hajaanza kutibiwa. Sasa dawa imebadilika. Sindano aliyochomwa mwanao, kwa maelezo yako, lazima itakuwa artesunate, ambayo husukumwa kwenye mshipa kwa dakika chache, ikarudiwa baada ya saa 12 na tena saa 24. Chupa imeondoka na kwinini.

Nayo haikubadilishwa kwa sababu kuna mtu aliamka asubuhi akaipenda. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, wakiwamo wa Muheza tena, na Korogwe, na Kilifi. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Mwaka uliofuata artesunate ikawa ndiyo pendekezo la kwanza kwa watoto duniani kote.

Ile sindano nene ninadhani ilikuwa glukosi. Malaria kali hula sukari ya mwili, na sukari ikishuka mtoto hupata degedege au huzimia, kwa hiyo baada ya degedege hupimwa sukari kwa tone la damu. Ikiwa chini, kwa kilo 10 husukumwa mililita 50 za glukosi ya asilimia 10, polepole. Kwa macho ya nyumbani ni "sindano ya maji" tu. Kwa mwanao ilikuwa na thamani kuliko chupa tatu.

Na kama angebaki hajitambui, hawezi kunyonya wala kunywa, wangempa maji, ila ya taratibu, kwa mshipa au kwa mpira wa puani. Mtoto wa kilo 10 anahitaji takriban lita moja kwa saa 24. Kwa mrija wa kawaida hayo ni matone kama 14 kwa dakika. Ukiketi kuyaangalia utadhani mrija umeziba, na hapo ndipo jamaa hunyoosha mkono akafungua kile kigurudumu ili "dawa iingie". Usifanye hivyo hata siku moja, na mkwe akinyoosha mkono, umshike. Nimewahi kukuta chupa ya nusu lita imeisha ndani ya dakika 20 kwa mtoto wa miezi minane, kwa sababu shangazi alikuwa na huruma.

Kuna zahanati za mitaani ambako dripu ndiyo inayolipa pango. Mtu mzima anaingia anaumwa kiuno, anatoka kachukua chupa mbili za maji na vitamini, rangi ya manjano, na jioni anasimulia kwamba alitundikiwa. Sina ugomvi na imani ya mtu, lakini huko Lusaka, Zambia, walipima watu wazima 212 waliokuwa na maambukizi makali ya damu na presha iliyoshuka. Waliopewa maji mengi kwa mpango walifariki asilimia 48.1, waliohudumiwa kawaida asilimia 33.0. Yalichapishwa 2017. Maji ya mshipani ni dawa, yana kipimo, na yana mgonjwa wake.

Haya, tuje kwenye karatasi.

Najua neno "utafiti" linavyosikika kwetu. Wanakuja kuchukua damu, wanaiuza, wanajaribia watu kama panya. Hofu hiyo haikutoka hewani, historia ina mabaya yake, na wapo watafiti waliokusanya wakaondoka bila kurudi kusema walichokipata. Lakini angalia habari niliyokusimulia. Kabla ya 2011, kila mtoto aliyemiminiwa maji katika wodi zetu alikuwa anajaribiwa, ila hakuna aliyekuwa anaandika wala kuhesabu, na hakuna mzazi aliyeombwa saini. Wale 3,141 angalau walihesabiwa. Wazazi wao walielezwa kwa ufupi palepale mlangoni, mtoto akiwa mahututi, wakakubali kwa mdomo, na maelezo kamili yakaja mtoto akishatulia. Mwanao amenufaika na kukubali kwao, naye hajui hata majina yao.

Sisemi usaini. Nasema umuulize yule dada, tena umuulize umeketi, na baba wa mtoto akiwepo kama ndivyo mnavyofanya kwenu. Muulize kwanza kama kuna dawa yoyote mtoto atapewa, au ni kumfuatilia tu. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukisema miezi sita ya kumfuatilia, inasikika kama cha pili, lakini lisikie kutoka kwake. Akisema kuna dawa au kuna makundi, muulize kundi jingine linapata nini, na nani anaangalia takwimu kazi ikiendelea. Wewe sasa unajua kwa nini swali hilo lina uzito.

Muulize damu kiasi gani, na akujibu kwa vijiko. Kijiko cha chai ni mililita tano. Muulize itapelekwa wapi na itahifadhiwa kwa muda gani. Muulize nani atalipa nauli ya kwenda kliniki, na mtoto akiumwa katikati ya miezi hiyo, atatibiwa wapi na kwa gharama ya nani. Utafiti wa magonjwa ya binadamu Tanzania lazima uwe na kibali cha maadili. Cha kitaifa hutolewa na NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na namba ya simu ya kamati inatakiwa iwe imeandikwa kwenye karatasi ulizopewa. Itafute. Kama haipo, mrudishie karatasi zake.

Karatasi iwe kwa Kiswahili unachokielewa, na nakala moja ibaki kwako. Akikuharakisha, huo ni ubaya wa kwanza. Akikuambia kwamba usiposaini mtoto hatapata huduma nzuri, huo ni wa pili, na huyo umripoti. Una haki ya kukataa leo, na una haki ya kukubali leo ukajitoa mwezi ujao bila kueleza sababu, na matibabu ya mwanao hayabadiliki. Ungekuwa dada yangu, na majibu yakawa mazuri, na ni kufuatilia tu, ningekushauri ukubali, kwa sababu moja ya ubinafsi kabisa: mtoto aliyetoka kwenye malaria kali hubaki dhaifu kwa miezi kadhaa, na mtu wa kumpima damu na uzito bila wewe kupanga foleni si wa kumfukuza.

Usaini au usisaini, mtoto amalize dawa ya mseto ya siku tatu aliyopewa baada ya sindano, kila dozi na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au uji wenye karanga unafaa. Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, mpe dozi nyingine. Na kwa wiki tatu au nne tangu zile sindano, mwangalie viganja na mkojo. Baada ya artesunate, watoto wachache damu yao huja kupungua baadaye, wakati kila mtu ameshasahau. Viganja vikiwa vyeupe, macho yakawa ya manjano, au mkojo ukawa na rangi ya kola, mrudishe siku hiyohiyo, na uwaambie wazi ni tarehe gani alichomwa artesunate.